Ufuo unaliwa juu, kwa nini wanapima chini?

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Shela, Lamu, sasa naishi Raleigh, North Carolina. Juzi nilikwenda na familia kwenye visiwa vya Outer Banks. Pale Rodanthe tulikuta nyumba zimesimama juu ya nguzo, mawimbi yanapita chini ya sakafu. Nje kidogo ya mawimbi kulikuwa na boti nyeupe inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, kutwa nzima. Mzee mmoja akaniambia wanapima chini ya bahari kwa sona, yaani kwa mlio na mwangwi wake. Nilishangaa. Kinacholiwa ni ufuo, wao wanapima chini. Na ramani za bahari si zipo tangu zamani? Tena marehemu baba yangu mkubwa alikuwa nahodha, alipima kina kwa bildi, ile kamba yenye risasi, na miaka yake ya mwisho kwa kile kifaa cha kuonea samaki. Kwa nini wao wasitumie hicho, rahisi na bei nafuu?*

Marahaba, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako mkubwa. Kazi aliyoifanya kwa bildi ndiyo ninayoifanya mimi kwa sona, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa nyumba moja. Umeuliza mambo matatu, na la kwanza ndilo zito.

Uliposimama Rodanthe uliona kisiwa kinaishia kwenye povu. Hakiishii hapo. Outer Banks ni ukanda wa mchanga wa kilomita 300 hivi, na mahali pengine ni mwembamba kiasi kwamba unasimama barabarani ukasikia bahari kuu upande mmoja na ukaona maji ya ndani, ya Pamlico Sound, upande wa pili. Visiwa vya namna hii mimi huviita visiwa kinga, kwa sababu hupokea mapigo ya bahari kabla hayajafika bara. Havikukaa juu ya mwamba wa matumbawe kama Lamu yenu. Ni mchanga uliolala juu ya mchanga mwingine na matope ya kale, na sehemu unayoikanyaga ni mgongo tu. Mwili umeteremka chini ya maji kuelekea nje.

Dhoruba ikipiga, mawimbi hukwangua mchanga wa ufuoni na kuulaza nje kidogo, kwenye fungu la mchanga lililo sambamba na pwani. Bahari ikitulia, mawimbi madogo huurudisha polepole. Pale Duck, upande wa kaskazini wa visiwa hivyo, kikosi cha wahandisi cha jeshi la Marekani kina kituo cha utafiti tangu 1977, chenye gati la mita 560 linaloingia baharini. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 wamekuwa wakipima sakafu ya bahari mahali palepale, tena na tena. Vipimo vyao vinaonyesha fungu likikimbilia nje ndani ya siku chache za dhoruba, kisha likirudi kwa majuma na miezi. Sasa fikiria mtu anayepima ufuo peke yake baada ya dhoruba. Ataandika kwamba mchanga umepotea, kumbe umelala mita mia mbili mbele ya miguu yake. Na siku ambayo kweli umeondoka, umeingia mlangoni, pale maji yanapopita kati ya visiwa, au umekwenda kwenye kina usikorudi, huyo huyo ataandika maneno yaleyale. Hana namna ya kutofautisha mambo mawili ambayo kwa mwenye nyumba pale Rodanthe ni kama uzima na kifo. Tangu 2020 nyumba zaidi ya kumi kwenye visiwa hivyo zimeanguka baharini.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipokuwa imefunika sehemu kubwa ya kaskazini mwa dunia, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo. Sakafu ile inayopimwa na boti uliyoiona ilikuwa nchi kavu, na mito ilipita juu yake. Bahari ilipopanda, mabonde ya mito yalijazwa, mahali pengine kwa changarawe, pengine kwa tope, na visiwa vikasukumwa kuelekea bara vikapanda juu ya mabonde hayo. Mifupa hiyo bado ipo. Mwaka 2004 mwanajiolojia Jesse McNinch alichapisha matokeo ya upimaji wa sona karibu kabisa na ufuo, eneo la Kitty Hawk na jirani zake, kule ambako ndugu wawili Wright walirusha ndege yao 1903. Alikuta changarawe imefunuka chini ya maji mahali fulani fulani, na penye changarawe pana mafungu ya mchanga yaliyolala mshazari badala ya kufuata pwani. Dhoruba zilipita, mafungu hayo yakabaki palepale. Na sehemu hizo zilioana na vipande vya ufuo vinavyoliwa haraka kuliko jirani zao.

Ukitembea juu hutaona lolote. Ufuo ni uleule, mchanga uleule, nyumba zimejipanga sawasawa. Sababu imelala mita tano au kumi chini ya maji, ya umri mkubwa kuliko kisiwa chenyewe.

Kuna mfano mwingine wa kaskazini zaidi, Fire Island, kisiwa kinga cha kilomita 50 hivi kusini mwa Long Island, New York. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, lilipima sakafu iliyo mbele yake mwaka 1996 na 1997, likarudia 2011, kisha likarudi tena baada ya Kimbunga Sandy cha Oktoba 2012. Mbele ya nusu ya magharibi ya kisiwa walikuta migongo mirefu ya mchanga iliyoshikana na mteremko wa ufuo. Upande wa mashariki mchanga wa sasa ni mwembamba, na mbele ya mahali paitwapo Watch Hill kuna lundo la mchanga lililoachwa na maji ya barafu ya kale, ambalo bahari inaendelea kulitafuna. Kwa muda mrefu wahandisi walikuwa wakipiga hesabu ya mchanga unaosafiri kando ya kisiwa kile, na hesabu haifungi: upande wa magharibi unapita mchanga mwingi kuliko unaoweza kutoka ufuoni peke yake. Ramani ya sona ndiyo iliyoonyesha kwamba lazima mwingine unatoka chini, mbele ya kisiwa. Mtu akitaka kuchota mchanga kule nje ajazie ufuo, ni vizuri ajue kama anachota kwenye ghala la kisiwa hichohicho.

Sasa ramani za zamani. Zipo, na kwa chombo kinachopita kilomita ishirini nje zinatosha. Lakini chukua Oregon Inlet, mlango ulio kaskazini ya Rodanthe. Haukuwapo hadi kimbunga cha Septemba 1846 kilipoukata, na tangu hapo umekuwa ukihama kuelekea kusini. Wachoraji wa ramani rasmi wenyewe wamezoea kuonya kwamba njia za milango kama huo hubadilika wakati wote na maboya huhamishwa kuufuata mkondo. Nahodha wenu alijua fungu la mwaka jana si la mwaka huu. Ramani ya mchanga ina tarehe kama maziwa yalivyo na tarehe.

Juu ya mlango huo lilijengwa daraja la Bonner, lililofunguliwa 1963, barabara pekee ya gari kuunganisha kisiwa cha Hatteras na kaskazini. Tarehe 3 Desemba 2013 lilifungwa ghafla. Hapakuwa na ufa ulioonekana, wala hapakuwa na ajali. Sona ilikuwa imeonyesha kwamba mkondo umechimba mchanga kuzunguka nguzo kupita kiwango cha usalama. Watu wa kisiwani wakarudi kutegemea kivuko kwa siku 12, hadi vipimo vipya vilipoonyesha mchanga wa kutosha umerudi. Daraja jipya lilifunguliwa 2019. Nikiulizwa faida ya kazi hii na mtu asiyependa hadithi ndefu, humtajia hilo: magari yalikuwa yakipita juu kila siku, na waliojua hali ya nguzo ni wale waliosikiliza chini.

Nimesema kusikiliza, na hapo ndipo kwenye swali lako la tatu. Kifaa cha kuonea samaki nacho ni sona. Kinapiga mlio, kinangoja mwangwi, kinahesabu muda. Sauti majini huenda mita 1,500 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenye kina cha mita 15 mlio huenda na kurudi kwa muda wa sehemu 20 za elfu za sekunde. Kanuni ni ileile. Tofauti ya kwanza ni upana wa sikio. Kifaa cha kawaida cha mvuvi husikia kwa pembe ya nyuzi 20 hivi. Kwenye mita 15, hiyo ni duara la zaidi ya mita tano kwenye sakafu, na kila kilichomo ndani ya duara hilo kinakuwa nambari moja. Shimo, tuta, jiwe, vyote ni nambari moja. Sona ya miale mingi tunayofunga chini ya boti hutoa mamia ya miale kwa mlio mmoja, kila mmoja wa upana wa nyuzi moja au pungufu. Chini ya boti, mwale huo hugusa sehemu isiyotimia sentimita 30, na miale yote kwa pamoja inafagia ukanda wenye upana wa mara tatu hadi nne ya kina.

Hiyo ndiyo sababu ya kwenda na kurudi uliyoiona. Kwenye mita 15 tunapata ukanda wa mita 50 kwa mpito mmoja. Tukisogea kwenye mita tano, ukanda ni mita 17 tu, na kwa kuwa kingo lazima zipandane, tunahama mita 14 kila tunapogeuza. Kupima eneo la upana wa kilomita moja kwenye kina hicho ni mipito zaidi ya sabini. Bahari kuu unaipima kwa haraka. Ni maji mafupi yanayokula siku. Watu wengi hudhani ni kinyume.

Tofauti ya pili ni kasi ya sauti, na hapa nitakueleza asubuhi moja ambayo sijaisahau. Tulikuwa kwenye mlango wa kisiwa kinga, maji yametulia kabla ya kuanza kupwa. Tulishusha chombo cha kupimia kasi ya sauti, kidogo kama chupa ya chai, kikashuka hadi chini na kupanda kwa kamba, tukaingiza nambari kwenye kompyuta, tukaanza kazi. Saa moja na nusu baadaye sakafu ikaanza kujikunja kwenye skrini. Katikati imelala sawa, kingo mbili zinainuka, kama mkeka uliolowa ukaanikwa juani. Kila mpito, mkeka mwingine uliokunjika, na mikeka ilipokutana kingo hazikubaliani kwa sentimita thelathini. Bahari haina sakafu ya namna hiyo. Maji yalikuwa yameanza kupwa, na maji ya ndani, yenye joto zaidi na chumvi pungufu, yametoka mlangoni na kutanda juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Sauti ikiingia tabaka moja na kutoka kwenye jingine hupinda, sawa na kijiti unavyokiona kimevunjika ndani ya bilauri. Mwale wa katikati unashuka wima, haudhuriki sana. Miale ya pembeni inapinda, nasi tulikuwa tukiihesabu kana kwamba imenyooka.

Aliyetuajiri alitaka tuendelee, kingo zije kulainishwa ofisini. Nilikataa, na ningekataa tena. Kulainisha kungetupa picha nzuri ya sakafu isiyokuwapo. Tulitupa kazi ya asubuhi, tukashusha chombo upya, na tangu siku hiyo kwenye milango nakishusha kila nusu saa, mkondo ukibadilika hata kabla ya hapo.

Karibu na Hatteras shida hiyo ni kubwa zaidi, maana maji ya moto ya Mkondo wa Ghuba (Gulf Stream) hukutana na maji baridi yanayoshuka kutoka kaskazini. Kati ya maji ya nyuzi joto 25 na ya nyuzi 10, kasi ya sauti hutofautiana kwa takriban mita 45 kwa sekunde. Ukitumia kasi ya moja kupima kwenye nyingine, kina cha mita 15 kinakosewa kwa karibu nusu mita.

Nusu mita kwa mvuvi si kitu. Baba yako mkubwa aliacha nafasi kubwa zaidi ya hiyo chini ya chombo chake. Kwa anayehesabu mchanga ni balaa. Mwaka 2011 mji wa Nags Head ulijaziwa ufuo kwa takriban mita za ujazo milioni 3.5, kwenye urefu wa kilomita 16. Tuseme unapima ukanda huo wote hadi nusu kilomita nje, kabla na baada. Hilo ni eneo la kilomita za mraba nane. Kosa la sentimita kumi tu, kama liko upande mmoja kila mahali, ni mita za ujazo 800,000 zilizozuka au kutoweka kwenye karatasi. Karibu robo ya mchanga wote walioulipia. Ndiyo maana kwenye boti kuna kifaa kinachopima chombo kinavyokwenda mrama, omo ikiinama na kuinuka, boti ikipanda na kushuka, mara nyingi kwa kila sekunde. Kuna mtambo wa setilaiti unaotupa mahali na kimo kwa sentimita chache. Na kabla ya kazi tunapita juu ya mteremko uleule kwenda na kurudi, kuhakikisha sona haikufungwa imepinda hata kwa sehemu ya nyuzi.

Na kina peke yake hakikuambii chini kuna nini. Kwa hilo tunakokota nyuma ya boti sona ya ubavu, yenye umbo la samaki, inayopiga sauti kushoto na kulia karibu na sakafu. Changarawe hurudisha mwangwi mkali, tope laini huumeza, na kitu kilichosimama hutupa kivuli. Sona ya namna hiyo ndiyo iliyoikuta mwaka 1973 manowari ya chuma USS Monitor, iliyozama mbele ya Cape Hatteras usiku wa mwisho wa 1862, ikiwa kwenye mita 70 hivi, imepinduka. Kisha kuna sona ya mlio mzito ambayo sauti yake hupenya sakafu na kurudi na picha ya matabaka, mita kadhaa chini. Hiyo ndiyo inayotuonyesha bonde la mto wa kale na unene wa mchanga uliolala juu yake. Mara ya kwanza nilipoona kingo za mto zikichoreka kwenye skrini, chini ya bahari iliyokuwa ikitupwa tupwa na upepo, nilinyamaza kimya.

Kuna mahali hata sisi hatufiki. Ule ukanda mweupe uliouona, mawimbi yanapoumuka, ndiko mchanga unakohama zaidi, na ndiko sona inakokuwa kiziwi. Povu ni hewa, na viputo vya hewa huitawanya sauti kabla haijafika chini. Boti nayo ikiingia hapo inapigwa ubavu. Pale Duck walilitatua kwa namna ninayoiheshimu sana: walijenga mtambo wa miguu mitatu, mrefu zaidi ya mita kumi, wenye gurudumu kwenye kila mguu na dereva amekaa juu. Wanauita CRAB, yaani kaa. Unateremka ufuoni, unaingia baharini ukitembea kwenye sakafu yenyewe hadi kina cha mita tisa hivi, na mawimbi yanapita katikati ya miguu yake. Hauhitaji sauti, kimo cha mtambo kinapimwa moja kwa moja. Kwa hakika ni bildi kubwa yenye magurudumu. Wengine hutumia leza ya kijani kutoka ndege, lakini karibu na ufuo wenye maji yaliyotibuka mwanga haufiki chini.

Usikidharau, basi, kifaa cha kuonea samaki. Ukiwa na jamaa mwenye boti, huko au kwetu, vipimo vyake vina kazi. Shirika la kimataifa la upimaji wa bahari, IHO, lina hifadhi ya takwimu Boulder, Colorado, inayopokea vipimo vya kina kutoka kwa vyombo vya kawaida, na vinasaidia hasa mahali ambapo hakuna boti ya upimaji iliyowahi kupita. Mwambie aache kifaa kirekodi kina pamoja na mahali na saa, kila safari. Apime kwa utepe wa kupimia, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida, kifaa kimezama sentimita ngapi chini ya uso wa maji, aandike. Na kila kipimo kiwe na saa sahihi hadi dakika, kwa sababu maji ya bamvua yanayojaa Lamu huongeza kina kwa mita tatu hivi, na bila saa hatuwezi kuyatoa.